Kandambili ya Bi Pasi na Nondo wa Ukutani

Ukitaka kumjua Bi Pasi, usianze na uso wake. Anza na kandambili yake ya mguu wa kushoto. Ya kulia ilikuwa kandambili kama za watu wote, imelika kisigino basi. Ya kushoto ilikuwa nyembamba kama karatasi ya barua, imepasuka ubavuni, imeshonwa kwa uzi wa suruali, ikapasuka tena, na wala haikuchakazwa na kutembea. Ilichakazwa na kupiga nondo.

Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na moja alifua na kunyoosha nguo za watu katika chumba kimoja cha kupanga chenye ua kwa nyuma, na miaka yote hiyo adui yake alikuwa mmoja: yule mdudu mdogo wa mabawa ya vumbi anayeingia kwenye koti la sufi likiwa zima na kuliacha kama chujio. Mvua aliizoea, wateja wakorofi aliwamudu, nondo hakumsamehe. Alikuwa mfupi kiasi kwamba akiinamia karai kubwa, mtu aliyesimama mlangoni aliona karai likijifulia lenyewe. Lakini nondo akipita juu ya mlango, Bi Pasi aliruka. Wapo wanaoapa kwamba siku moja aliruka akashuka na utando wa buibui wa darini kichwani, na nondo watatu chini ya kandambili moja.

Alifanya kazi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu alikuwa mrefu kama mwanzi wa kuanikia, hodari wa mikono na mzito wa miguu. Kunyoosha shati, alilinyoosha mpaka kola ikasimama kama imeitwa jina. Lakini umwambie avuke ua kuleta kibanio kimoja, atakuuliza kwanza kama hicho kibanio hakiwezi kuja chenyewe. Walianza kutaniana siku Bi Pasi alipoolewa, na mume alipofariki utani ukabaki, maana hapakuwa tena na mtu wa kuwaamua.

Nyuma ya ua palikuwa na ukuta wa matofali ya kizamani, laini, yanayotoa unga mwekundu ukiyakwaruza kwa ukucha. Nyumba za jirani ziliukinga, hivyo jua liliugusa saa nne asubuhi na kuuacha kabla ya saa sita. Bi Pasi akimaliza kuanika shuka la mwisho, alibeba karai la maji ya kusuuzia, yale yaliyobakiwa na ubluu kidogo na wanga wa kukazia kola, akayamwaga ukutani kwa mkupuo mmoja, pwaa, kutoka pembe hii hadi pembe ile. Kisha aligonga brashi ya nguo kwenye matofali ili nyuzinyuzi zitoke. Sababu hakuwa nayo. Mfereji ulikuwa hatua thelathini na mbili, ukuta hatua tatu. Ukuta ulikunywa maji hayo miaka yote, ukaota utandu wa kijani kama sufuria iliyosahaulika.

Na ukuta huo ulikuwa na maadui wanne. Wa kwanza ni punje za njano, ndogo kuliko ufuta, zilizojibana kwenye nyufa. Hizo Bi Pasi aliamini ni upele wa ukuta, akazichokonoa kwa njiti ya kiberiti. Wa pili ni takataka zinazotembea. Ndivyo alivyoziita, kwa sababu hakuwa na jina jingine: vifuko vyembamba vya vumbi, urefu wa punje ya mchele, rangi ya ukuta wenyewe, ambavyo ukivitazama vimetulia, ukigeuka na kurudi vimehama. Hivyo alivifagia. Wa tatu ni vifuko vilevile, ila vimeng'ang'ania chini ya ukingo wa juu, vimezibwa mdomo, havisogei hata uvitukane. Kwa ufupi wake hakuvifikia, kwa hiyo aliishia kuvitukana. Wa nne ni nondo mwenyewe, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, wa kijivu, mwenye nukta tatu za fedha kwa kila bawa. Huyu alitokea asubuhi tisa au kumi kwa mwaka, miezi ya baridi ikiisha, kisha akapotea kana kwamba ameitwa kwao. Katika asubuhi hizo kandambili ya kushoto ilifanya kazi ya mwaka mzima.

Basi mwaka mmoja mwenye nyumba akaja na habari. Alikuwa mtu wa sauti laini na maneno magumu. Alieleza kwamba ukuta utavunjwa, ua utajengwa vyumba, na kwamba Bi Pasi akipenda anaweza kubaki na chumba cha mbele. Bi Pasi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza shuka zitaanikwa wapi. Mwenye nyumba akasema siku hizi kuna mashine. Alipoondoka, Bi Pasi alisimama uani akitazama kamba zake sita, akajaribu kuzikunja kichwani zienee kwenye chumba cha mbele, juu ya meza ya pasi, juu ya kitanda, juu ya wifi. Hazikuenea. Dobi asiye na pa kuanika ni mtu tu mwenye nguo mbichi za watu wengine. Alipewa miezi mitatu.

Wiki ya pili ya miezi hiyo, ndani ya zile asubuhi chache za nondo, aliingia mteja mgeni: binti mwembamba, miwani, koti jeupe lenye madoa ya majani, na vikopo vidogo vinane au tisa vilivyofungwa kiunoni vikigongana kila akipiga hatua. Alisema yeye ni daktari wa wadudu. Bi Pasi alilipokea koti, akafikiria jambo hilo. Katika maisha yake alikuwa hajasikia mdudu aliyelazwa. Wifi akanong'ona kwamba labda ndiye anayewapokea wale wanaopona baada ya kandambili.

Daktari aliomba kusubiri uani. Bi Pasi alipotoka na beseni alimkuta amepiga magoti mbele ya ukuta, mdomo wazi, mkono umenyooka kama mtu anayetaka kugusa moto. Alidhani binti amepatwa na kizunguzungu. Akamletea maji. Daktari hakuyaona maji. Kwa sauti ya mtu aliye msibani alisema kwamba nondo huyu wa nukta tatu hajaonekana na mtu yeyote kwa miaka sitini, na kwamba mwalimu wa mwalimu wake alimtafuta mpaka akazeeka.

"Hao?" Bi Pasi akasema. "Leo nimeua kumi na saba kabla ya chai."

Uso wa daktari ulibadilika rangi mara mbili, kisha ukarudi kwenye ile ya kwanza. Bi Pasi, kwa kutaka kumfariji, akaongeza kwamba jana walikuwa zaidi.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza, na haujaisha. Daktari alitoa kioo cha kukuzia, akamshika Bi Pasi mkono, akampitisha ukuta mzima kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wakwe. Punje za njano ni mayai. Yai likipasuka hutoka kiwavi mdogo kama nukta ya kalamu, mwili laini, na kwa kuwa kila ndege angemla, siku hiyohiyo hujishonea kifuko kwa vumbi na nyuzi anazozikuta. Humo ndani anaishi, kichwa nje, akitembea na nyumba yake na kulamba ule utandu wa kijani, na akikua huongeza kifuko mbele kama mtu anayerefusha suruali ya mtoto. Miezi tisa hivyo. Kisha hupanda juu, hujifunga chini ya ukingo, huziba mdomo wa kifuko. Miezi ya baridi ikipita na jua la saa nne likiugusa ukuta, hutoka ana mabawa, hutafuta mwenzake, hutaga kwenye ufa, na siku ya nne amekufa.

Bi Pasi alisikia kila neno na hakuelewa hata moja.

"Kwa hiyo huyu wa njano ni mama wa huyu anayetembea?"

"Hapana, mama. Huyu ndiye huyu."

"Na yule wa juu?"

"Ndiye huyohuyo."

"Na huyu wa kuruka ni baba yao?"

"Wote ni yeye, mama. Mmoja."

Bi Pasi akakaa juu ya beseni lililofunikwa. Miaka thelathini na moja amepigana na wanne kwa silaha nne, kumbe ni mmoja anabadili nguo. Akauliza, kama ni nondo basi anakula makoti gani, maana hajawahi kumkamata kwenye koti. Daktari akamwambia huyu hali nguo; akishapata mabawa hata mdomo hana. Tena, akasema, hata wale wa makotini, anayeruka si anayekula. Wanaokula ni watoto wao, ambao hawaruki. Bi Pasi akaitazama kandambili yake. Alijaribu kuhesabu ni wangapi amewaua kwa kosa la watoto wao, akaacha.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Daktari aliandika, ofisi yake ikaandika, na siku moja wakaja watu wawili na kamba nyekundu na kibao. Wakazungushia ukuta kamba, wakapigilia kibao, wakamsomea Bi Pasi yaliyoandikwa, kwa kuwa yeye herufi alizijua kwa sura tu, si kwa majina. Ukuta usiguswe. Usifagiwe, usikwaruzwe, usimwagiwe kitu. Mwenye nyumba naye akaitwa akaambiwa asubiri mwaka mmoja. Msimu ujao nondo wakitoka tena, ukuta utabaki ulivyo, na ua wake. Wasipotoka, ajenge anavyotaka.

Wifi alimfafanulia kwa ufupi. "Yaani wifi, wakiishi unabaki. Wakifa unahama. Sasa wewe ndiye mlezi wa nondo."

Bi Pasi alimpa wifi aitundike kandambili ya kushoto kwenye msumari, juu kabisa, ambako yeye mwenyewe hakufika. Akanunua ndara mpya za kienyeji zilizokuwa nzito, zisizofaa kupigia. Kila siku ya kufua alibeba karai la maji hatua thelathini na mbili hadi mfereji, na hatua thelathini na mbili kurudi, mpaka kiuno kikalia. Brashi alizigongea kwenye jiwe la mlango. Alipokuwa akipita karibu na kamba nyekundu alikuwa akishusha sauti, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Ndege akitua ukutani alimtolea macho. Asubuhi aliwasalimia wenye vifuko, kwanza kwa aibu, baadaye kwa sauti, akawauliza wameamkaje. Wifi alisema sasa wamebaki kuitwa mezani.

Na wakaanza kupungua.

Mwanzoni hakuamini macho yake. Utandu wa kijani uligeuka rangi ya majivu, ukakatika vipandevipande, ukadondoka. Takataka zinazotembea zilitembea polepole, halafu zikasimama, halafu ukazikuta chini ya ukuta, tupu, nyepesi kama makapi. Daktari alikuja kila wiki mbili na daftari lake. Siku ya kwanza alihesabu vifuko mia mbili na kumi na viwili. Mwezi wa nne, themanini. Mwezi wa saba, thelathini na kimoja. Hakulaumu mtu, lakini alimuuliza Bi Pasi kwa upole kama pengine, kwa bahati mbaya, kwa mazoea tu, mkono haukupita.

Bi Pasi aliapa. Baada ya kuapa akaanza kujishuku mwenyewe. Mkono huu ulikuwa umeua miaka mingi bila kumuuliza ruhusa. Nani anajua unafanya nini yeye akiwa hatazami? Alianza kuuchunguza kabla ya kula, kama una vumbi la fedha. Akamwomba wifi amlinde anapolala usingizi wa mchana, asije akaamka bila kuamka akatoka uani kuua. Wifi alikaa kitini mchana mzima, kazi iliyomfaa sana, akatoa taarifa.

"Umekoroma tu. Tena nondo wa nyumba ya tatu wamehama kwa kelele."

Lakini Bi Pasi hakucheka. Alikuwa hajui tena ashike lipi. Alipowaua walikuwa tele. Alipowalea wanakufa. Alimuuliza daktari kama wapo viumbe wanaonenepa kwa kuchukiwa, na daktari, ambaye mwenyewe alikuwa amekonda, alisema hajasoma hivyo lakini naye hajui tena alichosoma. Alikuwa amezuia kila kibaya, alisema, na hajui kilichobaki kibaya ni kipi.

Mwezi wa tisa, mwenye nyumba alikuja na fundi mwashi kupima. Hakutaka shari, alisema, anapima tu, kupima hakuui mdudu. Daktari alikuwepo siku hiyo. Alihesabu mara mbili kwa kioo, akafunga daftari. Vifuko tisa. Fundi alinyoosha futi yake ya mkanda kando ya kamba nyekundu, akataja urefu kwa sauti, na mwenye nyumba akaandika.

Bi Pasi hakuweza kusimama hapo. Alijiambia atakwenda kuwasha pasi. Mkaa ulikaa pembeni kabisa mwa ua, nyuma ya kibanda cha mabati, na kazi ya kuwasha pasi ilikuwa ya wifi tangu zamani kwa kuwa hufanywa mtu amechuchumaa. Bi Pasi hakuwa amefika nyuma ya kibanda kile tangu mwaka jana. Akapita, na mguu wake ukazama kwenye dimbwi hadi kifundo.

Maji ya nguo. Aliyajua kwa harufu. Akapaza sauti, akamwita wifi yake majina ambayo marehemu mume asingependa kuyasikia.

Wifi akaja, taratibu, akaegemea bati. Hakukana. Alisema yeye tangu mwanzo hakuwahi kwenda mfereji hata siku moja. Hatua thelathini na mbili si mchezo. Kamba yao nyekundu iliishia kwenye kibanda, ukuta ukaendelea nyuma yake, naye akaona huku ni nje ya sheria. Kila siku ya kufua alimwaga hapa karai lake na kugonga brashi yake, kimyakimya, ili Bi Pasi asimsumbue.

Bi Pasi alikuwa ameshafungua mdomo kwa awamu ya pili ya matusi alipouona ukuta. Ulikuwa wa kijani. Kijani kibichi, kinene, kama ulivyokuwa wote zamani. Na juu ya kijani hicho takataka zilikuwa zinatembea. Aliinama. Macho yake ya karibu yalikuwa mabovu lakini rangi za nguo aliziona hata gizani. Vifuko havikuwa vya rangi ya ukuta. Kimoja kilikuwa na mstari wa bluu, kingine bluu na nyekundu, kingine bluu tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Alimtazama wifi yake kama mtu anayeogopa kuuliza.

"Wifi, mbona wamevaa sare?"

Ilikuwa bluu ya sare za walinzi. Kwa miezi minane wifi ndiye aliyekuwa akifua sare hizo, na suruali zake zilitoa nyuzi mno kwenye brashi. Kila kiwavi nyuma ya kile kibanda alikuwa amejishonea nyumba kwa suruali ya mlinzi. Wengine, na hili wifi analisema hadi leo akila kiapo, walikuwa na alama ya mfuko.

Walimwita daktari. Alikuja mbio, vikopo vikilia, akapiga magoti moja kwa moja ndani ya dimbwi na koti lake jeupe. Kisha akauliza, bila kugeuka, nani anamwaga maji haya. Wifi akamtazama Bi Pasi, Bi Pasi akatazama mabati.

"Zamani, mama," daktari akasema, "kabla sijaja. Haya maji yalikuwa yakimwagwa wapi?"

"Ukuta mzima. Miaka thelathini na moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza niliyoua, mwanangu. Hukuniuliza niliyomwaga."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti lililolowa, akaivaa ikiwa chafu zaidi. Alieleza taratibu, na safari hii yeye ndiye aliyeonekana kutoamini maneno yake. Mvua haitoshi kuotesha utandu ule. Maji yale yenye wanga ndiyo yaliyoulisha, na nyuzi za brashi ndizo walizojifunika. Njiti na ufagio na kandambili viliwapunguza kidogo tu. Yeye na kamba yake ndio waliowamaliza, kwa kuwanyima chakula na nguo. Bi Pasi aliuliza kama hiyo maana yake alikuwa akiwalea wakati akiwaua. Daktari akasema ndiyo. Bi Pasi akaomba arudie. Akarudia. Haikusaidia.

Barua nyingine ikaja kutoka ofisini, na kibao kikabadilishwa. Cha kwanza kilikataza mtu yeyote kumwaga maji machafu ukutani. Cha pili kilimwamuru dobi aliyepo kuyamwaga, mara mbili kwa wiki, kwa kiasi cha kawaida yake. Mwenye nyumba alikisoma akiwa amesimama, akakisoma akiwa amechuchumaa, akasema hajapata kuona serikali ya namna hii, lakini makubaliano yanabaki: msimu ukifika, wasipotoka, anajenga.

Bi Pasi akamwaga. Karai la kwanza alimwaga nusu miguuni. La pili likaenda pwaa kama zamani. Lakini miezi ya baridi ilikuwa imekaribia, na kijani hakioti kwa kuamriwa. Ukuta mkubwa ulipata rangi kidogo kwenye nyufa, basi. Nyuma ya kibanda, vifuko vya bluu vilianza kupanda kimoja kimoja hadi chini ya ukingo, vikajifunga, vikanyamaza. Bi Pasi alivitazama akiwa amesimama juu ya gunia la mkaa, akaanza, kwa mazoea, kuvitukana. Akasita. Hakujua kama matusi nayo yalikuwa sehemu ya malezi. Ili asikosee, akaendelea kuvitukana, ila kwa sauti ya upole.

Asubuhi ya kwanza ya msimu walisimama wote nyuma ya kibanda: daktari na daftari, mwenye nyumba na fundi wake, wifi kwenye kiti alichojibebea, na Bi Pasi aliyekuwa hajaweza kunywa chai. Jua likaja saa nne, likapanda ukuta, likaondoka. Hakutoka kitu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mwenye nyumba alikuja na fundi na nyundo, na koti zuri la kijivu, kwa kuwa alikuwa na safari baadaye. Jua likagusa ukingo. Wakangoja. Fundi akakohoa. Mwenye nyumba akatazama saa yake, akasema kwa ile sauti laini kwamba yeye amevumilia kuliko watu wengi.

Wakati anasema hayo kifuko kimoja kilitikisika. Pakatoka kitu kilichokunjamana kama leso iliyokamuliwa, kikaning'inia, kikajinyoosha polepole mpaka hakina kunyanzi hata moja. Wifi alisema baadaye kwamba hajawahi kuona nguo iliyonyooshwa vizuri hivyo bila pasi. Nukta tatu za fedha huku, tatu kule. Akaruka, akazunguka mara moja juu ya vichwa vyao, akatua kwenye mkono wa koti la mwenye nyumba.

Mwenye nyumba hakufikiri. Mtu mwenye koti la sufi akimwona nondo juu yake hafikiri. Kiganja chake kilipanda. Na Bi Pasi, ambaye hakuna aliyejua kuliko yeye kiganja kile kinakwenda wapi na kitachukua muda gani kufika, aliruka. Akamshika kifundo cha mkono hewani, miguu yake haijagusa chini bado.

"Taratibu, baba," akasema akiwa ananing'inia. "Huyo ni mpangaji mwenzangu."

Mwenye nyumba alimtazama yeye, akamtazama nondo. Nondo alitembea hadi ukingo wa mkono wa koti, akaruka kurudi ukutani. Wakati huo vifuko vingine vilikuwa vinatikisika, vitatu, saba, halafu daktari akaacha kutaja idadi akawa anaandika tu. Asubuhi ile walitoka arobaini na wanne. Fundi aliweka nyundo chini ili aone vizuri. Mwenye nyumba aliuliza kama ana haki ya kuvunja upande wa pili wa nyumba, na daktari akamwambia upande huo ni wake, afanye apendavyo.

Hivyo ua ukabaki, na kamba sita, na shuka. Unafikiri Bi Pasi alipumzika? Alasiri ya siku hiyohiyo aliingia chumbani akamkuta nondo mmoja ametua kwenye kola ya koti la mteja. Mdogo, wa kijivu. Nukta hazikuonekana vizuri, maana alikuwa amekunja mabawa. Bi Pasi alimwambia wifi amshushie kandambili ya msumarini. Akaishika juu, akasimama. Kama ni wa ukutani, ni mpangaji. Kama ni wa makotini, ni mwizi. Na kama ni wa makotini, daktari alisema huyu anayeruka hana kosa, wenye kosa ni watoto, na watoto hajawazaa bado. Alimuuliza wifi. Wifi akasema yeye ni mtu wa pasi. Wakainama wote wawili, pua zikikaribia kola, mmoja anasema anaona nukta, mwenzake anasema ni doa la majivu.

Mwishowe wakamfungulia mlango, wakampepea kwa kitambaa hadi akatoka. Wa pili alipoingia wakafanya vilevile, maana hawakuwa na uhakika naye pia. Tangu hapo hawajawahi kuwa na uhakika na hata mmoja. Ndiyo maana ukipeleka koti la sufi kwa Bi Pasi utalipata safi, limenyooshwa, kola imesimama, na pengine lina tundu moja au mawili ambayo hukwenda nayo. Ukilalamika hatabishana nawe. Atakutoa nje akuonyeshe kibao, akuombe ukisome kwa sauti, kisha akuulize wewe uliyesoma unaelewa nini.

Na kandambili ya kushoto ameivaa tena, mguuni.